Jirani Alianguka Uani Kwangu, Sasa Mjukuu Anataka Nikae Darasani

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na ukisikia mimi nasema naomba ujue nimemeza mate kwanza, maana mimi si mtu wa kuomba, mtaani kwetu mimi ndiye ninayeombwa. Ukurasa wako nausoma kila ukitoka, polepole, kwa kidole, na mara nyingi naona unawabembeleza watu waliostahili kofi, lakini safari hii sina pa kwenda kwa sababu watu wote ambao ningewauliza ndio haohao nilionuniana nao. Shule tuliachana mapema, yeye akaenda zake na mimi nikaenda zangu, barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo usinipambie maneno, yaache yalivyo.

Nianze na habari njema usije ukasoma huku umeshika kifua. Jirani yangu hajafa. Jirani huyo ni fundi cherehani, ukuta wake na wangu ni mmoja, na cherehani yake ilikuwa kimya siku kadhaa mpaka nikawa nauchukia ule ukimya, na leo asubuhi nikiwa na kikombe cha chai mkononi nikaisikia, ta-ta-ta-ta, imeanza, nikaweka kikombe chini nikalia, halafu nikafuta machozi haraka kabla mtu hajaniona.

Sasa sikiliza. Nina mjukuu, mtoto wa binti yangu, nimemlea mimi, mgongo huu ndio uliombeba. Alikuwa na kazi yake nzuri dirishani kwenye duka la dawa, kazi safi, ya kukaa, ya kuvaa koti jeupe, lakini alipojifungua mtoto wa pili mgongo ukamgomea, uzito ukampanda, akawa akipanda ngazi za kwao anapumzika katikati kama mzee wa rika langu, na watu hawana haya, walimtania mpaka akawa anafua na kuanika nguo zake usiku usiku asikutane na mtu. Basi akaanza kutembea, mara akaingia jimu, mara namwona mayai na maharage yamejaa sahani wali uko pembeni kama mgeni, mara mgongo umenyooka, mara watu wanamfuata wanamuuliza umefanyaje, mara ameacha koti jeupe anasomea lishe na mazoezi ya nguvu, anataka kuwa kocha. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, kazi gani hiyo, unanyanyua chuma kizito halafu unakirudisha palepale ulipokikuta? Afadhali mchukuzi, yeye akimaliza mzigo umesogea." Akacheka tu, ndiyo tabia yake, anacheka na anafanya analotaka. Mimi majirani wakiniuliza mjukuu yuko wapi siku hizi nikawa najibu yuko dukani kwenye dawa.

Mpaka siku niliyokwama. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu uani nafua, nikamaliza, nikataka kusimama, magoti yakasema hapana. Nikajaribu tena, hapana. Nikashika ukingo wa beseni, beseni likanimwagia maji. Kuita mtu sikutaka, nianze kupiga kelele nimenaswa na kigoda, kwani mimi panya? Basi nikafua. Nikazifua tena zile zilizokuwa zimetakata, nikazisuuza, nikazifua, jua likahama kutoka ukuta huu likaenda ule, ndipo mjukuu akaingia.

"Bibi, hilo shuka limekosa nini?"

"Lina doa."

"Doa liko wapi?"

"Lilikuwepo."

Akaitazama miguu yangu, akaelewa. Nikanyoosha mkono anivute, akakataa! Akachuchumaa mbele yangu, akasema, "Sikuvuti, Bibi. Nikikuvuta leo, kesho utakaa hapa kunisubiri. Rudisha nyayo nyuma, ziingie chini ya magoti. Inama, pua ipite vidole vya miguu. Haya, sukuma ardhi."

"Ardhi hii nimeikanyaga maisha yangu yote, sijaiona ikisukumika."

"Isukume hivyohivyo."

Nikainuka nikarudi kwa kishindo, nikamtukana, nikainuka tena nikarudi, nikamtukana na aliyelibuni zoezi hilo, halafu nikasimama. Mshauri, sijui wewe una umri gani, lakini siku ukisimama peke yako baada ya kukaa unafua nguo safi kutwa nzima kwa aibu, ndipo utajua utamu wa kusimama.

Kuanzia hapo nikawa mwanafunzi wake kwa siri. Kukaa na kusimama kwenye kigoda, kisha kukaa na kusimama nikiwa nimekumbatia dumu la maji, kisha dumu mikono miwili, kisha mfuko wa mchanga, na leo hii mfuko wa mchanga naubeba kifuani nazunguka nao ua kama nimebeba kitukuu. Akaniambia na chakula, Bibi chai na mkate peke yake haijengi nyama ya mguu, tia yai, tia maharage, tia samaki, nikatia. Wanawake wa mtaa wakaona ninavyotembea. Wa kwanza kuja alikuwa fundi, mgongo wake umejikunja kwa kuinamia cherehani, akasema, "Bibi, nipe na mimi hiyo dawa." Akaja mke wa mwashi, mwenye ulimi mrefu kuliko mnara anaojenga mumewe, wakaja wengine, ua ukajaa, wakanipa jina Bibi Chuma. Nisikudanganye, jina lile lilinikaa kama kanga mpya.

Na ndipo nilipoharibu. Siku moja asubuhi nilikuwa nimekula viporo nikashiba, nikashika mchanga, nikatapika. Mjukuu akaniambia, "Bibi, usijaze tumbo kabla ya mazoezi." Basi. Maneno hayo tu. Mimi nikayachukua nikayafanya sheria ya ua mzima: hapa haingii mtu ametia kitu tumboni. Kila asubuhi nikawa nasimama mlangoni nauliza, "Nani amekula?" na anayekiri namvika kigoda kichwani, anakishika kwa mikono miwili anazunguka ua huku wenzake wanampigia makofi. Mwenyewe niliona ni mchezo. Na siku moja tukiongea habari za magonjwa nikasema, kwa kujiamini kabisa, sukari ni ugonjwa wa walafi. Fundi alikuwepo, alikuwa amekaa pale karibu na bomba.

Siku yenyewe tulikuwa tunabeba mchanga. Fundi akaanza kutoka jasho, si jasho letu la kawaida, jasho la baridi, mikono inamtetemeka, nikamwambia, "Acha kujidekeza, maliza mzunguko." Akanitazama kama hanijui. Nikamwita jina lake akanijibu mambo ya vifungo na zipu, nikadhani ananitania, nikamfokea, magoti yakamlegea akaenda chini na mfuko wake. Bahati, na mimi bahati huwa siisifu ovyo, mjukuu wangu ndiyo kwanza anaingia na mfuko wake wa mboga. Akautupa.

"Bibi, amekula?"

"Hajala. Hapa hatuli kabla."

"Anameza dawa gani?"

Mshauri, huyu ni jirani wa ukuta mmoja. Ninaijua rangi ya uzi anaoupenda, ninajua siku anayogombana na mumewe kwa mlio wa cherehani, lakini dawa anayomeza kila siku sikuijua. Mjukuu akamshika kidevu, akamuuliza unaweza kumeza, akamwona anameza, akapeleka mtu mbio dukani ikaletwa soda, akamnywesha kidogo kidogo, macho yakaanza kurudi. Halafu tukambeba kwenda zahanati, mimi kifuani, mke wa mwashi miguuni, wengine wanatupisha njia, vilevile tunavyobeba mchanga. Muuguzi akasema ana sukari siku nyingi, amemeza dawa yake kama kawaida, hakula, kisha akabeba mizigo, sukari ya mwili ikashuka ikaisha, na mngechelewa mngekuwa mnaongea mengine. Akalazwa, akapumzishwa.

Tukiwa tumekaa kwenye benchi la nje la zahanati, nikasema kwa uchungu, "Lakini mbona nyinyi wote mnakuja hamjala na hamwanguki?" Wakatazamana. Mke wa mwashi akasema, "Bibi, usikasirike. Sisi wote tunakula. Tunafutia midomo pale kwenye kona ya duka, ndipo tunaingia."

"Wote?"

"Wote. Isipokuwa fundi. Yeye alisema Bibi akisema jambo ana maana yake."

Hilo ndilo linalonikosesha usingizi mpaka leo. Waongo wote wazima. Aliyeanguka ni yule mmoja aliyenitii.

Sasa fundi amerudi nyumbani, cherehani inalia, moyo umeshuka mahali pake, Mungu ashukuriwe, na leo mchana amenipigia kelele juu ya ukuta, "Wewe bibi, umekufa? Mazoezi lini? Mgongo wangu unarudi kule ulikotoka!" Sikujibu, nilijifanya sipo. Ua nimeufunga. Kigoda nimekiweka chini ya kitanda. Na mjukuu wangu amekuja na lake. Zahanati imemwomba aanzishe darasa la watu wazima, mazoezi ya nguvu na mambo ya kula, kazi yenye mshahara, na anasema peke yake haliwezi kwa sababu wanawake wa rika letu hawatamsikiliza binti mwenye suruali ya kubana, watanisikiliza mimi, kwa hiyo anataka niwe kocha msaidizi. Msaidizi! Na si hivyo tu, anasema sitatoa amri hata moja mpaka nimekaa darasani kwake toka mwanzo hadi mwisho, benchi moja na wanawake wangu wote na fundi akiwemo, yeye amesimama mbele anafundisha, mimi nimekaa nasikiliza. Nimemwambia, "Mimi nilikufuta kamasi." Akasema, "Ndiyo, Bibi, na sikukukatalia."

Naomba uniambie, nikubali kufundishwa na mtoto niliyembeba, mbele ya watu waliokuwa wananiogopa, au nifunge ua moja kwa moja, niheshimike nyumbani kwangu na kigoda changu? Nijibu upesi, na usinizungushe.

Ni mimi, Bibi Chuma, au niliyekuwa yeye.

*

MSHAURI ANAJIBU:

Bibi Chuma, shikamoo. Heshima yako nimekwisha kukupa, iko hapo, ishikilie vizuri kwa sababu sasa nitasema.

Kwanza nimefurahi. Nilipofika kwenye ile cherehani inayolia na mimi niliweka kikombe changu chini. Jirani yako mzima, umepewa bahati ambayo wengine hupewa tanzia badala yake. Sasa tuone umeifanyia nini bahati hiyo. Umefunga ua, umeficha kigoda chini ya kitanda kana kwamba ndicho kilichotunga ile sheria, na mgonjwa mwenyewe anakuita juu ya ukuta wewe unajifanya hupo. Bibi, ulishawahi kukaa kutwa unafua nguo safi kwa sababu ulishindwa kumwambia mtu kwamba umekwama. Unafua tena sasa hivi. Barua yako ndefu hii yote ni shuka lisilo na doa.

Unaniuliza habari za benchi. Benchi si tatizo lako. Nimeisoma barua yako nikairudia, nimekuta umelia, nimekuta umefuta machozi, nimekuta umebeba, nimekuta umekosa usingizi, lakini sijakuta mahali popote ulipomwambia fundi, "Jirani, nisamehe." Machozi yako ameyajua nani? Umeyafuta kabla mtu hajaona, umesema mwenyewe. Huyo mwanamke alikuamini kuliko wote, akakaa na njaa kwa ajili ya neno lako, halafu alipozinduka wewe ndiye uliyejificha. Anakupigia kelele za mgongo kwa sababu anakupa mlango wa kuingilia. Mtu mwenye kinyongo hapigi kelele, anakaa kimya.

Na lile neno la walafi. Nani alikwambia? Sukari inawapata wanene na wembamba, wanaokula sana na wanaolala njaa, inapita kwenye koo na familia za watu bila kuuliza. Kwa neno lako moja ukamfunga mdomo mgonjwa aliyekuwa amekaa hatua chache kutoka kwako. Angeweza kukwambia, "Bibi, mimi nameza dawa, mimi lazima nile," lakini angesemaje, ajiite mlafi mbele ya mke wa mwashi? Neno hilo ulilisema hadharani, utalirudisha hadharani, pale pale karibu na bomba, kwa sauti ileile. Usiende kumnong'oneza.

Hao wengine waliokuwa wanafuta midomo kwenye kona, usiwanunie. Watazame vizuri. Watu wasiotaka kitu huacha kuja, hao walidanganya ili waendelee kuja. Wanalipenda somo lako, wanaogopa mdomo wako. Hilo ni jambo la kukupunguzia mzigo, maana somo ni gumu kulitengeneza na wewe unalo tayari, mdomo ni wa kufunga tu. Lakini ujue hasara yake: mwalimu anayeogopwa huambiwa anachotaka kusikia, na kwenye kazi ya miili ya watu, mwalimu anayeambiwa anachotaka kusikia ni wa hatari kuliko asiyejua kitu.

Mjukuu wako naye ana lake, sitamficha kwa sababu ni kocha. Alikupa neno moja akaenda zake, inaonekana hakuja hata asubuhi moja kusimama ukutani kuona bibi yake analifanyia nini neno hilo, na yeye anakufahamu, anajua wewe ukipewa kijiti unapanda msitu. Hilo mwambie, mara moja, kwa upole, baada ya kukubali. Ukimwambia kabla itakuwa ni kisingizio. Na wewe pia una deni kwake, la maneno. Majirani bado wanajua yuko dukani kwenye dawa, au ulishawaambia? Kwenye barua sijaona ulipolisahihisha. Binti aliuinua mwili wake kutoka pale ulipokuwa, akasoma, akakusimamisha wewe kwenye kigoda, akamrudisha fundi kutoka pabaya kwa kujua maswali mawili ya kuuliza, na bibi yake anaona haya kutaja kazi yake. Unasema chuma anakirudisha palepale alipokikuta. Kweli. Anayesogea ni mtu. Wewe ulikuwa chini sasa uko juu, huo ndio mzigo uliosogea, unataka upi tena?

Sasa fanya hivi, na usinijibu kwenye barua nyingine, fanya.

Ukimaliza kusoma hapa, weka gazeti, nenda kwa fundi. Usimpigie kelele juu ya ukuta, zunguka upite mlangoni kama mtu. Mwambie asimamishe cherehani. Omba msamaha kwa maneno machache, wewe maneno mengi yanakuharibikia. Akianza kucheka na kusema yaishe, usikimbilie kufurahi, mwulize kwanza: dawa yako inaitwaje, unaimeza saa ngapi, unakula nini nayo? Kisha kaa kimya mpaka amalize. Zoezi hilo la kukaa kimya litakuuma kuliko mfuko wa mchanga. Livumilie, nalo lina misuli yake.

Ua usiufungue kesho. Kila mwanamke anayemeza dawa yoyote, au mwenye presha, au mwenye moyo unaomsumbua, aende kwanza zahanati akaulize wenyewe: nifanye mazoezi ya namna gani, na nile lini. Jibu la muuguzi wake ni lake, wewe usilichukue ukaligawia mtaa mzima. Mambo ya kula yaache kabisa mikononi mwa mjukuu mpaka umemaliza darasa. Ukiulizwa, "Bibi, nile nini?" jibu lako ni moja, "Mwulize kocha." Najua litakukwaruza kooni. Na uani pawekwe kitu kitamu cha kunywa mahali ambapo kila mtu anapajua, na kila mtu ajue nani anahitaji kupewa upesi, na kwamba aliyezimia hatiliwi kitu mdomoni, anakimbizwa kwa wataalamu. Hayo utafundishwa vizuri zaidi huko unakokuogopa.

Swali lako la mlangoni ulibadilishe. Badala ya kuuliza nani amekula, uliza kila mmoja, "Umeamkaje?" na usogee apite na jibu lake. Kigoda kisionekane tena kichwani kwa mtu.

Darasani utakwenda. Ua huo usiufunge moja kwa moja, nakukataza, kwa sababu katika barua yako kuna jambo umelipita mbio kama halina maana: mlimbeba. Wanawake wa mtaa, wenye migongo iliyokuwa imejikunja, wakambeba mtu mzima mpaka zahanati bila kumwangusha. Nani aliwafundisha? Wewe. Hiyo ni kazi ya kweli, na kama kuna watu wako tayari kukulipa mshahara kwa ajili yake, pokea. Unachukia kuitwa msaidizi. Bibi, huyo binti uliyemlea bila shaka alikuwa msaidizi wako jikoni miaka mingi, akishika kamba ukifunga mzigo, akishika taa ukitafuta sindano, na hakufa. Ndipo alipojifunzia kusimama mbele ya watu wenye kiburi.

Unaogopa wanawake watakuona umekaa unafundishwa. Watakuona, ndiyo. Na fundi atakuona. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, mtu atainua mkono aseme kweli kwamba asubuhi amekunywa chai na mkate, kwa sababu Bibi Chuma naye amekaa.

Kwa hiyo chukua kigoda chako chini ya kitanda, kipanguse vumbi, nenda nacho darasani, kiweke mstari wa mbele kabisa, karibu na mjukuu wako. Kusimama kutoka kwenye kigoda alishakufundisha. Sasa kikalie mpaka atakapokwambia, "Haya, Bibi, sukuma ardhi."